Dundu Asiyepigwa Muhuri

Makwasinyi, Kasigau
18 Mei 2025

Kwa Shangazi Peris,

Shikamoo. Mwalimu Mutinda ametufundisha kwamba barua ya kirafiki huanza kwa afya, hufuata habari za nyumbani, ndipo jambo lenyewe huingia. Kwa hiyo nauliza: u mzima? Sisi ni wazima. Baba bado yuko Voi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na huja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na mkate na ushauri. Mama ni mzima. Nyanya ni mzima na amesema hakusalimii. Nilimuuliza kama naweza kukuandikia kwamba amesema hivyo, akajibu kwamba nifanye nipendavyo, karatasi ni yangu.

Sasa jambo lenyewe. Kadi yako ya Krismasi ilifika baada ya Pasaka. Wengine walitazama picha ya Mtoto Yesu na wachungaji. Mimi nilitazama stempu. Ilikuwa na kipepeo wa buluu na nyeusi, mzuri sana, ila muhuri ulikuwa umempiga kichwani. Nililoweka bahasha kwenye maji ya vuguvugu, nikaitoa stempu taratibu na kuianika juu ya kamusi. Sasa nina kipepeo mwenye mabawa na asiye na kichwa. Najua unafanya kazi posta, kwa hiyo nauliza kwa heshima: ni nani huwapiga wadudu vichwani, na je, hawezi kuwapiga pembeni?

Nauliza kwa sababu kuna shindano. Chama kimoja cha wapenda wadudu kinataka wanafunzi wachore stempu yenye mdudu wa kwao. Kila shule itapeleka picha tatu, na mshindi picha yake itachapishwa kwenye kadi. Mimi niko Gredi ya Nane na nina kalamu za rangi, ingawa ya kijani imekwisha.

Jambo la mwisho ni dogo. Ndovu waliingia tena shambani mwezi wa Machi. Baba amesema wakimaliza mahindi ya vuli pia, atamhamishia Nyanya Voi, kwenye chumba cha kupanga karibu na reli. Nyanya amesema atahama mlima ukihama. Hawaelewani, na mimi nafikiri kwamba kama ungekuja Krismasi ungeweza kuzungumza nao, kwa sababu wewe ni mtoto wake na huogopi kusema. Hilo si ombi, ni fikra tu.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Wakesho


Kitale
20 Juni 2025

Kwa Wakesho,

Marahaba. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao umeamua kuzeeka kabla ya mwenyewe. Kitale kuna baridi, kuna mvua na kuna mahindi ambayo hayaliwi na yeyote mkubwa kuliko ng'ombe. Nilipofika hapa mara ya kwanza nilisimama kando ya shamba la watu nikasubiri waeleze wanalilinda vipi. Walidhani mimi ni mwizi.

Nimefurahi kusikia kwamba Nyanya yako hanisalimii. Miaka yote hii hakuwahi hata kukataa. Tunasonga mbele.

Kuhusu kipepeo wako, aliyempiga kichwani ni mimi. Nalipwa kwa kazi hiyo. Stempu isiyopigwa muhuri inaweza kutumiwa mara ya pili, na ingawa nchi yetu haina mtu hata mmoja anayeweza kufanya jambo kama hilo, sheria iliandikwa na mtu asiyetufahamu. Hapa kaunta napokea barua za mawakili, majarida ya kanisa, na bahasha moja kila juma kutoka kwa mzee anayemwandikia mke wake aliyeko Bungoma, na ninavyoona mke hajibu. Wote nawapiga sawasawa. Wewe unataka nimguse kipepeo kama ninambatiza. Ombi lako nimelipeleka kwa anayehusika, ambaye ni mimi, naye amelikataa.

Naambatanisha stempu tano ambazo hazijapigwa: kipepeo, nyuki, kereng'ende, panzi na vunjajungu. Ni za kunijibia. Utailamba moja, utaibandika, utamsahau mdudu. Siyo za kutazamwa.

Kwenye shindano usichore kipepeo. Kila mtoto aliyewahi kupewa kalamu ya rangi amechora kipepeo, na kila jaji amempa zawadi, na bado vipepeo hawajashukuru. Chora mdudu uliyemwona kwa macho yako akifanya kazi.

Krismasi kaunta huwa na shughuli nyingi sana. Watu wote wawili ambao bado hutuma kadi huja siku moja.

Mbona hamnipigii simu? Namba yangu kaka yangu anayo. Nauliza tu, sijakasirika, wala hujaona uso wangu.

Shangazi yako,
Peris


Makwasinyi
27 Julai 2025

Kwa Shangazi Peris,

Shikamoo. Natumai mgongo umekumbuka umri wake. Sisi ni wazima. Mbuzi wa jirani amezaa mapacha. Baba alikuja na mkate. Kuhusu simu, nilimuuliza, akasema kwamba kukupigia ni kuchukua upande, na kutokupigia pia ni kuchukua upande, kwa hiyo yeye ameamua simu yake haina chaji. Anaamua hivyo kila ninapouliza.

Asante kwa stempu. Nilitaka kuitumia moja kama ulivyoagiza. Nilimchagua panzi kwa kuwa ndiye niliyempenda kidogo kuliko wote. Nikafungua mdomo, nikamtazama, naye alikuwa ananitazama. Nilishindwa. Sasa wote watano wamelala ndani ya kamusi, kila mmoja kwenye herufi yake. Barua hii anakuja nayo Bwana Kimanzi, yule anayenunua pojo huku kwetu. Anazipeleka kwa lori hadi Nakuru, na Nakuru anamfahamu dereva wa Kitale. Anasema ni haraka kuliko posta. Samahani kukuambia hivyo.

Nimeshapata mdudu wangu. Juma lililopita ndovu walipita kwenye mihogo ya Nyanya. Asubuhi majirani walikuja, wakasimama, wakasikitika, wakaitaja serikali, wakaenda. Nyanya alisimama na fimbo. Mimi niliinama, na pale chini nikamwona dundu, yule mweusi anayebingirisha donge la kinyesi kwa miguu ya nyuma. Watu wote tulikuwa tunalalamika na yeye peke yake alikuwa ameshaanza kazi. Alipanda tuta, donge likamporomokea, akalifuata, akaanza upya. Nilimtazama mpaka nikachelewa shule, na adhabu yake ilikuwa kufagia ofisi, na sijutii.

Nimemchora mbele, mkubwa, na mlima Kasigau nyuma yake, mdogo. Nyanya alinikuta nachora.

"Nini hicho?"

"Dundu, Nyanya."

"Na hilo donge?"

"Kinyesi cha ndovu."

"Yule aliyekula mihogo yangu?"

"Huyo huyo."

"Basi hiyo ni mihogo yangu," akasema. "Ichore vizuri."

Shangazi, naomba kuuliza. Ulipoondoka nilikuwa mdogo. Mama anasema mliachana na Nyanya kule kwenye dungu, mkilinda mahindi, na hasemi zaidi. Mlikosana kuhusu nini?

Ni mimi ninayetunza wadudu wako,
Wakesho


Kitale
6 Septemba 2025

Kwa Wakesho,

Marahaba. Barua yako imeletwa hadi dirishani kwangu na kijana anayenuka pojo, akauliza mbele ya foleni nzima, "Shangazi wa wadudu ndiye wewe?" Nimefanya kazi hapa kwa bidii ili niitwe Madam. Sasa mlinzi wa mlangoni ananiita Shangazi wa Wadudu. Asante sana. Ilichukua majuma matano kufika, kwa hiyo mwambie Bwana Kimanzi kwamba posta inamsalimia.

Stempu ni za kubandikwa. Hakuna mdudu anayekutazama. Ni karatasi yenye gundi. Nimekutumia njia ya kunifikia, wewe umeilaza ndani ya kamusi.

Sasa huyo dundu. Umefikiria kwamba mtu mzima, aliyevaa tai, atasimama kaunta kwangu na kulamba mgongo wa kinyesi cha ndovu ili apeleke barua kwa wakili wake? Mimi nimefikiria. Nimefikiria siku nzima, na sijafurahi hivyo tangu mwaka uanze. Mpeleke.

Mstari wa mihogo niliusoma hapa hapa kaunta, na mteja mmoja akaniuliza kwa upole kama nimefiwa. Nilimwambia ni vumbi. Mbegu ya mihogo hiyo niliitoa mimi kule Sagalla, nikaibeba kichwani, nikaipanda kwa mikono yangu. Usimwambie kwamba nimekumbuka.

Umeuliza kuhusu dungu. Ni jukwaa la miti, wewe unalijua, unakaa juu na debe na tochi, unapiga kelele mpaka ndovu achoke au wewe uchoke, na ndovu hana kazi nyingine asubuhi. Tulilinda pamoja misimu mingi. Mwaka ule nilikuwa nimepata kazi. Nilimwambia ashuke, tuondoke wote, nitamtafutia nyumba mahali ambapo mtu anapanda na ndiye anayevuna. Akanijibu kwamba ngazi ile pale, na inashuka mtu mmoja mmoja. Basi nikashuka. Sijui kwa nini watu hulifanya kuwa jambo refu. Mimi nasubiri aseme kitu, yeye anasubiri niseme kitu, na wote wawili tuna afya nzuri, kwa hiyo tunaweza kusubiri sana.

Krismasi bado kuna shughuli nyingi.

Madam Peris, kwa wanaokumbuka


Makwasinyi
12 Oktoba 2025

Kwa Shangazi Peris,

Shikamoo. Natumai Kitale ni salama, wewe na foleni yako. Sisi ni wazima, isipokuwa kwa mambo ambayo nimekatazwa kuyasema.

Nianze na shindano. Mwalimu Mutinda alimpenda dundu, akamweka juu ya picha zote. Kisha mwalimu mkuu akaja kuchagua. Alimshika dundu mbali kidogo na koti lake.

"Huyu anasukuma nini?"

"Kinyesi cha ndovu, Mwalimu."

"Na chini umeandika jina la shule."

"Ndiyo, Mwalimu. Walisema tuandike."

Alinieleza kwa upole kwamba mtu akiona jina la shule karibu na kinyesi, hawezi kujua kwa haraka kipi ni kipi. Kwa hiyo shule imepeleka vipepeo watatu. Mmoja ni wa Cynthia, na ana kope ndefu na hereni. Cynthia ni rafiki yangu na kipepeo wake ni msafi sana. Mwalimu Mutinda alinirudishia dundu wangu akasema, "Mtafutie bahasha yake mwenyewe." Sikuelewa, kwa hiyo nakutumia wewe umtunze. Yumo humu ndani, amekunjwa mara moja tu, si kwenye kichwa.

Sasa habari za nyumbani, ambazo nilipaswa kuziweka mwanzo. Nyanya alikuwa anafunga miti mipya kwenye dungu kabla ya mvua. Amenikataza kukuandikia chochote kuhusu mguu wake, kwa hiyo siandiki chochote kuhusu mguu wake. Naweza kuandika kuhusu ngazi: ilivunjika katikati. Naweza kuandika kuhusu daktari wa Voi: alisema asipande popote mpaka mwaka uishe, na Nyanya akamwuliza kama yeye atapanda badala yake.

Mvua ikija tutapanda mahindi. Mama atalinda, na Baba atakuja siku za mapumziko, lakini Baba hulala mapema kuliko ndovu. Ameshauliza chumba cha pili Voi. Anasema ni kwa tahadhari. Nyanya anasema tahadhari ina dirisha moja na inanuka simiti.

Barua hii pia anakuja nayo Bwana Kimanzi, kwa kuwa wadudu bado wamelala. Ameahidi itafika kabla ya mwisho wa mwezi.

Ni mimi, msanii asiye na shule,
Wakesho


Kitale
16 Novemba 2025

Kwa Wakesho,

Natumai wote ni wazima. Naandika "natumai" kwa maana yake kamili, kwa sababu sijapata barua kutoka kwako tangu ile ya pojo. Nimeangalia kwenye rafu, nimeangalia chini ya rafu, nimemwuliza mlinzi. Shangazi wa Wadudu hana barua, akaniambia, kwa sauti ya mtu anayefurahia kazi yake.

Pengine shule imekuweka na shughuli nyingi. Pengine dundu ameshinda na sasa unaishi kwenye hoteli kubwa, unasaini kadi. Au pengine unazo stempu tano nzuri, zimelala, zinapumua, hazisumbuliwi na mtu.

Kwa vile hakuna habari, nimechukua kuwa hakuna jambo. Mkubwa wetu hapa ameuliza nani atakaa kaunta sikukuu zote, ili wenye kwao waende kwao. Nimeinua mkono. Kila mtu alinishukuru. Mkubwa aliniuliza pia kama likizo zangu za miaka iliyopita ninaziweka ili zizae.

Mwambie Nyanya yako chochote unachoona kinafaa. Karatasi ni yako.

Peris


Makwasinyi
30 Novemba 2025

Kwa Shangazi Peris,

Shikamoo. Leo sitafuata mpangilio wa Mwalimu Mutinda, maana tumefunga shule na yeye yuko kwao.

Barua yako ilinifikia jana. Hukupata yangu ya Oktoba. Nilimtafuta Bwana Kimanzi kwenye simu ya Mama, ambayo namba yako haimo. Lori lake liliharibika Mtito Andei na pojo zimehamia kwenye lori lingine, na barua iko kwenye sanduku la vifaa pamoja na spana. Anasema iko salama. Amesema mara nyingi kwamba iko salama.

Ndani yake nilikuwa nimekueleza, bila kukueleza, kwamba Nyanya alianguka kutoka kwenye dungu. Sasa nakueleza kabisa. Mguu wake wa kulia hauwezi kupanda. Anatembea na fimbo mbili na anamtukana kila anayemsaidia. Mahindi yamefika magotini, ni mazuri kuliko ya miaka yote, hata majirani wameyasifu, jambo ambalo hawapendi kulifanya. Mama analinda na macho yake yamekuwa mekundu. Ndovu wameonekana upande wa pili wa mlima. Baba amelipia chumba cha pili. Nyanya amefunga nguo zake kwenye kanga na kuziweka nyuma ya mlango. Hajasema kwamba atakwenda. Amezifunga tu.

Jioni huketi uani akilitazama dungu. Nilimwuliza anatazama nini, akasema anatazama mbao ambazo watu walizitumia vibaya. Kisha akasema, bila mimi kumwuliza, "Yule alikuwa na sauti. Akipiga kelele hata mimi nilitaka kukimbia." Hakutaja jina. Nimemtaja mimi hapa.

Matokeo ya shindano yametoka. Aliyeshinda alichora kipepeo. Nilishangaa sana.

Shangazi, najua nilikosea kuziweka stempu. Leo nimewatoa kwenye kamusi. Nimewalamba wote: panzi, kereng'ende, vunjajungu, kipepeo, na nyuki wa mwisho, kwa kuwa yeye ndiye niliyempenda kuliko wote. Mmoja angetosha kuifikisha barua. Lakini sitaki ifike tu, nataka uitazame. Najua watapigwa Voi, na karani wa Voi hanijui na hana sababu ya kunihurumia. Baba ataiweka posta kwa mkono wake. Nimemwambia hiyo siyo kuchukua upande, ni kuchukua barua.

Njoo Krismasi. Hili sasa ni ombi, si fikra.

Wakesho


Kitale
12 Desemba 2025

Kwa Wakesho,

Bahasha yako imefika kwa siku chache tu, na natumai Bwana Kimanzi ataambiwa. Wadudu wote watano wamepigwa vichwani, muhuri mmoja kwa kila mmoja, mweusi, ulionyooka. Yule karani wa Voi ni hodari. Ningempandisha cheo, kisha ningemchukia.

Siku hiyo hiyo ikafika na ile ya Oktoba, ina mafuta ya spana pembeni. Dundu yumo, hajambo. Nimembandika kwenye kioo cha kaunta, upande wa wateja. Mzee wa Bungoma alimtazama kwa muda, akauliza ni stempu mpya? Nikamwambia bado. Akauliza hilo donge ni nini. Nikamwambia ni mihogo ya mama yangu. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba ni jibu la kawaida. Nilipomwuliza kama mke wake amejibu, akasema hapana, lakini hajazirudisha. Watu wa aina hii ndio wanaoweka posta wazi.

Ulichoomba nimekisoma. Zamu nimeshaichukua, mkono niliinua mwenyewe mbele za watu, na mabasi ya Desemba yana bei ya ndege na mwendo wa dundu. Pia sijui kama kuna mtu huko anayetaka kitu kutoka kwangu zaidi ya kelele.

Usinisubiri barabarani. Kuna jua.

Peris


Makwasinyi, jikoni
24 Desemba 2025

Kwa Wakesho,

Umerudi kutoka kisimani na umekuta bahasha hii juu ya mtungi. Itazame kabla hujaifungua.

Utaona haina muhuri. Utaona pia kwamba hiyo si stempu. Ni dundu wako, nilimpunguza kwenye mashine ya fotokopi mpaka akawa mdogo wa kulingana na kazi yake, nikatoboa meno ya pembeni kwa sindano usiku kucha ndani ya basi, na kijana niliyekaa naye akahama kiti. Nimembandika kwa uji, maana gundi ilikwisha. Kama ningeiona bahasha hii kaunta ningeikataa, ningemwonya aliyeileta, na ningeandika jina lake. Zamu yangu ameichukua mkubwa wetu. Alisema kwa miaka yote hiyo alidhani sina kwetu, na alikuwa anaona aibu kuuliza.

Nimefika saa nne. Nyanya yako alikuwa ameketi uani, fimbo mbili zimeegemea goti. Alitazama begi langu, akatazama viatu vyangu, akasema, "Chai iko jikoni." Hilo ndilo neno la kwanza tangu ngazi. Halina jina langu ndani yake, lakini lina sukari, nimeionja.

Kwa hiyo mimi niko jikoni, yeye yuko nje, na kati yetu kuna ukuta mmoja wa udongo. Nimekunywa vikombe vitatu. Ningeweza kutoka. Mlango uko wazi na hauna kufuli. Lakini mdomo wangu umezoea kusema kwa dirisha, na nimegundua kwamba huku kwetu hakuna dirisha la kutosha.

Ile kanga iliyofungwa nyuma ya mlango nimeiona. Mahindi pia nimeyaona. Yanachanua.

Msomee barua hii. Mwulize, kwa maneno yako, wewe una adabu, kama ile ngazi inaweza pia kupanda, au inashuka tu.

Shangazi yako, wa upande huu wa ukuta,
Peris


Makwasinyi, uani
24 Desemba 2025

Kwa Shangazi Peris,

Shikamoo. Natumai u mzima huko jikoni. Sisi huku nje ni wazima. Mama amelala, na hii ndiyo mara ya kwanza kwa majuma mengi amelala mchana.

Nimemsomea Nyanya barua yako yote, hata ya sukari. Aliomba bahasha. Alimshika dundu karibu na jicho lake zuri.

"Hii ndiyo mihogo yangu?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Mbona hawakuipiga ule wino wao?"

"Haikupita posta. Imeletwa kwa mkono."

Aliigeuza, akaigeuza tena, akaiweka ndani ya blauzi. Kisha akaniambia nichukue kalamu. Nilimwambia kwamba wewe uko hapo tu nyuma ya ukuta na unasikia, hata kukohoa kwako tunakusikia. Akasema kila mtu mwenye heshima hujibiwa barua. Haya ndiyo maneno yake, sijayapunguza:

"Mwandikie kwamba ngazi ni mpya, kaka yake Silvanus aliitengeneza Jumapili kabla hajarudi Voi, na haikutengenezwa vizuri lakini inapanda. Mimi mguu haupandi. Atapanda yeye. Nitakaa chini na debe nimwelekeze wanakotokea, kwa sababu yeye tangu zamani husikia vizuri na haoni kitu. Avue hivyo viatu vya posta. Na ile kanga nyuma ya mlango aifungue, ndani kuna sweta lake, kule juu kuna baridi."

Nilimwuliza, Nyanya, kumbe nguo ulizozifunga zilikuwa za Shangazi? Akasema nimwandikie, nisimhoji.

Nilipofika mwisho nilimwuliza kama niongeze salamu. Akatazama mahindi. Akasema nifanye nipendavyo, karatasi ni yangu.

Kwa hiyo naongeza: anakusalimia.

Wakesho